Chakula cha Delege, Shibe ya Casimir

Asubuhi hiyo Colette alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao huko Kikula, akichambua ndakala, dagaa wakavu. Alipukuta mchanga, akatoa vijiti, wale waliooza akawatupia kuku wa jirani, na wazuri akawapanga kwenye sahani ya bati. Hapohapo karibu naye, kwenye mbabula, jiko la makaa, mama mkwe wake, Mama Georgette, alichemsha vichwa vya tomson, yule samaki wa friji anayeuzwa kwa katoni sokoni, mpaka mchuzi ukawa mzito. Wanawake hawa wawili hawakusemeshana. Juu ya ukuta, paka aliyeitwa Delege aliwatazama wote, mkia ukining'inia, akingoja kuona nani atatangulia kumaliza.

Jina hilo alipewa na Casimir, mume wa Colette na mwana wa Mama Georgette. Casimir alisema paka huyo ana tabia za delege mmoja, mwakilishi wa wafanyakazi aliyemjua utotoni, ambaye alikuwa anazurura mji mzima na kuonekana kazini siku ya kugawa unga tu. Na kweli Delege hakutulia. Alikimbiza panya kwenye mashine ya kusaga, akapigana na paka wa parokia, akaruka kutoka bati hadi bati mpaka watu wakatoka nje kuangalia kama mvua imeanza. Nyumbani alikuja kula, akalala kidogo, akaondoka.

Mama Georgette alitaka apewe chakula cha maji. Colette alitaka apewe kikavu. Ungesema ni ugomvi wa bure, wa watu waliokosa la kufanya, na ungekosea. Chochote alichokula Delege, aliyeshiba ni Casimir, na Casimir alikuwa chini ya udongo wa machimbo ya Kamatanda tangu mvua za kwanza.

Walivyojua ni hivi. Casimir alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale wanaoshuka kwa kamba kutafuta mawe meusi ya kobalti. Siku moja koperative yao, ule ushirika wa wachimbaji, ilileta katapila kufunga mashimo ya zamani kabla hayajajaa maji, na shimo la Casimir likafungwa yeye akiwa ndani peke yake. Familia ikaketi kilio. Viti viliazimwa parokiani, moto ukawashwa uani, wanawake wakajilaza kwenye mikeka, na jirani yao Martine akapika bukari, ule ugali wao, na samaki wa kuwatosha wote. Delege akaingia, akala kilichobaki kwenye sahani moja, akaketi katikati ya mkeka kujilamba. Sauti ikatoka tumboni mwake.

"Chumvi iko kidogo," ikasema.

Kila mtu aliijua sauti ya Casimir. Martine, ambaye ndiye aliyetia chumvi, alikasirika.

"Ata chini ya udongo bado anasumbua na chumvi!" alisema. "Muntu gani huyu?"

Katekista akafunga kitabu chake cha nyimbo. Huwezi kumlilia mtu anayelalamikia mboga, hiyo inaeleweka na wote, wa kanisa hili na wa kanisa lile. Basi moto ukazimwa, viti vikarudishwa parokiani, na Martine akabeba sufuria lake akaenda zake bila kuaga. Colette alibaki kwenye mkeka, mtoto wao Arielle mgongoni, sikio lake likiwa kwenye manyoya ya paka. Alilia wakati huo, baada ya watu kuondoka, na alilia kwa furaha.

Furaha yenyewe haikukaa. Walijifunza taratibu namna mambo yalivyo. Delege akila, Casimir alipata nguvu, na sauti yake ilisikika tumboni kwa muda ambao chakula kilikuwa bado hakijaisha. Delege akikimbia, Casimir alipata hewa; yeye mwenyewe aliwaambia kwamba paka akiwa juu ya mabati, huko chini kunapita upepo kidogo usoni. Siku moja Colette alimfunga Delege kwa kipande cha kitenge kwenye mguu wa kitanda ili chakula kisipotee kwa michezo. Baada ya muda mfupi sauti ikaanza kukatika.

"Mama Arielle, fungua ile kamba," ilisema. "Mikono yangu haiende tena. Na hewa imekwisha."

Akaifungua palepale. Tangu hapo hakuna aliyemfunga. Hapo ndipo shida ilipozaliwa: paka alipaswa kukimbia ili mtu apumue, na akikimbia, chakula kiliisha. Mchuzi wa tomson ulimwondolea Casimir kiu, lakini Delege aliruka kuta chache tu, na Casimir akawa na njaa tena. Ndakala wakavu walidumu mpaka jua la mchana, ila koo lilimkauka, na chini kule hakukuwa na tone.

"Weye unamulisha bikavu, na mutoto wangu eko anakauka," alisema Mama Georgette. "Kusikia sauti yake husikie? Inakwaruza."

"Mama, kya mayi kinaisha mbio. Ile paka haitulie. Unataka alale na njala?"

"Njala haiue mbio. Kiu njo inaua."

"Basi minye nataka kumuua, ndiyo?"

Kila mmoja alimngoja mwenzake aende kisimani au sokoni, kisha akamwita Delege na kumpa cha kwake. Delege hakukataa cha yeyote. Alinenepa kidogo mabegani. Chini kule Casimir alishiba na kufa njaa, alikauka na kuloana, na hakujua kwa nini.

Mwishowe walimpeleka Delege kwa Dokta Camille, anayetibu mbuzi na nguruwe karibu na soko. Walimweka kwenye kapu lisilo na kifuniko ili asijihisi amefungwa. Dokta aliweka chombo chake cha kusikilizia kwenye ubavu wa paka, akatulia.

"Bonjour, Casimir," alisema.

"Bonjour, Dokta."

Dokta Camille alieleza vizuri, kama anavyowaeleza watu wote. Paka wa kukimbia anahitaji chakula chenye nguvu nyingi, na kikavu kina nguvu nyingi kwa ukubwa wake. Lakini paka kwa asili hanywi maji ya kutosha, na akila kikavu peke yake mkojo unaweza kuziba, na ukiziba anakufa haraka. Cha maji kinaosha figo, lakini inabidi ale kingi, tena mara kwa mara. Yeye angechanganya. Akauliza kama paka amewahi kuhasiwa, maana paka aliyehasiwa anatulia na chakula kinadumu.

"Hapana, Dokta," sauti ikasema upesi tumboni. "Ile tuache."

Mama Georgette akabeba kapu wakaondoka. Njiani hawakukubaliana lolote, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesikia nusu ya maneno ya daktari, ile nusu yake. Lakini walipofika karibu na nyumbani Colette alisimama akasema kwamba chakula si dawa. Hata wakimlisha namna gani, mtu hawezi kuishi kwenye udongo kwa kula ndakala. Lazima achimbuliwe. Mama Georgette alimtazama, akasema hilo ni kweli, na kwamba yeye ana kitu cha kuwaonyesha watu wa koperative.

Kitu hicho kilikuwa kandambili za Casimir. Kamatanda mtu hashuki shimoni na viatu. Anaviacha mdomoni mwa shimo, ncha zikitazama upande wa nyumbani kwake, na anayetaka kujua kama kuna watu ndani anaangalia viatu. Ni sheria ya wachimbaji wenyewe, na hakuna anayegusa viatu vya mwenzake, hata mwizi. Mama Georgette hakuwa mchimbaji. Siku ile alimpelekea mwanawe viazi vitamu, akakuta kandambili mdomoni mwa shimo, moja imekatika mkanda, akamwonea huruma mwanawe atakayerudi akichechemea. Akazichukua akazipeleka kwa fundi sokoni. Katapila ilipofika, dereva alishuka, akatazama mdomo wa shimo, hakuona viatu, akapanda tena akafanya kazi yake.

Colette alilijua hilo. Mama Georgette alijua kwamba Colette analijua. Casimir tu ndiye aliyekuwa hajui.

Mkuu wa koperative pale Kamatanda aliitwa Constantin, mtu mpole, mwenye kofia ya plastiki nyeupe na sauti ya chini. Aliwapa wanawake hao viti. Colette akabaki mlangoni na kapu, Casimir asisikie; Mama Georgette akaweka kandambili mezani.

"Hizi njo viatu vya mutoto wangu. Alikuwa ndani, Chef. Minye njo nilizitosha pale, kabla ya katapila."

Constantin alizigeuza kandambili, akaangalia mkanda mpya.

"Mama, pole," alisema. "Lakini angalia weye mwenyewe. Viatu viko hapa. Kama viatu vilitoka, mwenyewe naye alitoka. Hatuna sheria ingine."

"Bonjour, Chef," sauti ya Casimir ikasema kutoka kwenye kapu, Colette alipoliingiza ndani.

Constantin alivua kofia. Alikuwa akimheshimu Casimir kama mchimbaji hodari, na alimsalimu vizuri, akamuuliza habari za afya, akauliza kama huko kuna joto. Halafu akauliza amelala upande gani wa shimo, na juu ya nini.

"Juu ya mawe nyeusi, Chef," alisema Casimir, na sauti yake ilikuwa na fahari, masikini. "Muzuri sana. Inaenda mpaka fasi mukono yangu haifike."

Constantin akavuta kiti karibu. Akamtuma mlinzi akanunue kopo la samaki, lakini Mama Georgette, Mama Georgette mwenyewe, akakataa, akatoa ndakala wa Colette kwenye mfuko, akamlisha paka mkononi, ili sauti idumu. Mazungumzo yaliendelea mpaka jua likapinda. Je, mwamba ni laini au mgumu? Maji yanachuruzika upande gani? Ukigonga, unasikika mlio wa wazi? Casimir alijibu yote. Colette alisimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake, mkono wake ukiwa begani kwa mama huyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe.

Kazi ya kuchimba ilianza mara moja. Koperative ikaleta mashine na vijana wenye mitaimbo, wakatoboa kutoka upande wa chini wa kilima. Wanawake hao wawili walikaa juu ya lundo la udongo kila siku, kapu kati yao. Siku hizo hawakugombana. Walimpa Delege ndakala, halafu mchuzi, halafu ndakala, wakamwacha akimbie huku na huko kati ya miguu ya wachimbaji, akirudi wakamsikiliza.

"Nawasikia," alisema Casimir. "Bako karibu. Ule mumoja eko anakohoa."

Colette aliosha shati jeupe la Casimir la kanisani akalipiga pasi. Alisali novena, siku tisa mfululizo. Alimwambia Arielle, ambaye hajui hata kusema, kwamba baba anakuja.

"Bako hapa pembeni," alisema Casimir. "Mutaimbo umepita juu ya kichwa yangu. Nimepiga makelele. Bamenisikia, mumoja amenijibu."

Baadaye alisema, "Bamepita."

Malori yalijaa mawe meusi, yakaondoka. Mashine ikahamishwa. Colette aliteremka kwenye lundo akimkimbilia Constantin, kitenge kikimfunguka, na alimkuta akinawa mikono kwenye ndoo.

"Chef, mutu amebaki! Bamefika pembeni yake bakamuacha!"

"Najua, Mama Arielle."

"Unajua?"

"Ripoti ya lile shimo ilishaenda Lubumbashi tangu zamani. Imesema shimo lilifungwa tupu. Sasa minye nitamutosha namna gani mutu mu shimo tupu? Banaweza kuniuliza ametoka wapi."

"Lakini ulimusalimia! Ulitosha kofia!"

"Namuheshimia mpaka leo," alisema Constantin, na hakuwa anadanganya. Alifuta mikono yake kwa kitambaa. Colette alimtukana matusi ambayo hakujua kwamba anayajua, alitukana mama yake Constantin na koperative na mashine, mpaka mlinzi akaja akamshika mkono kwa upole akamtoa nje ya kamba iliyozungushiwa machimbo. Mlinzi alimwambia pole. Wote walimwambia pole. Colette akaketi kando ya barabara kwenye vumbi la malori.

Magharibi hiyo, nyumbani, Mama Georgette alimlisha Delege vichwa vya tomson, akamweka mapajani. Colette alikuwa mlangoni akimnyonyesha mtoto.

"Casimir," alisema mama. "Minye njo nilichukua viatu vyako. Siku ile. Mukanda ulikatika, nilienda kushonesha. Njo maana hawakujua kama uko ndani. Ni minye, mwanangu. Hapana mwingine."

Delege alilamba ukucha wake mmoja, halafu mwingine. Jirani mmoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi ulisikika kila mahali.

"Bameshona muzuri?" aliuliza Casimir.

"Bameshona muzuri."

"Basi, mama."

Mama Georgette alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kitenge, na Colette alikuja kukaa karibu naye. Kuanzia kesho yake ugomvi uliisha kabisa. Walikubaliana: ndakala asubuhi, maana ndipo Delege anapokimbia sana; mchuzi magharibi, ili Casimir alale bila kiu. Casimir alisema mpango huo unamfaa. Kwa muda bado aliuliza habari za mashine, na Colette alimjibu kwamba anaendelea kufuatilia. Alifuatilia kweli: alienda kwa chifu, kwa padri, kwenye ofisi moja ya mjini yenye feni, na kote aliambiwa shimo lilikuwa tupu. Kisha Casimir akaacha kuuliza. Akauliza bei ya unga, akauliza kama Arielle amesimama, na akasema tena kwamba Martine, akipika, aongeze chumvi.

Habari zikatembea. Mwanamke mmoja wa Kakontwe, ambaye kaka yake aliangukiwa na jiwe la chokaa, alinunua paka, akasikia kikohozi cha kaka huyo tumboni mwa paka. Bei ya paka ikapanda Kikula. Sokoni ndakala wakagawanywa makundi mawili, wa watu na wa paka, na wa paka ndio waliokuwa wazuri. Hakuna aliyeona hilo kuwa jambo geni. Lililozungumzwa zaidi lilikuwa kama maziwa yanafaa, na Dokta Camille alisema hayafai.

Ulipokaribia msimu mwingine wa mvua, koperative ilifungua mashimo mapya upande wa pili wa kilima. Magogo ya kushikilia kuta yalikuwa bado hayajafika, yaliahidiwa. Lakini Constantin aliitisha wake za wachimbaji, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba koperative inajali familia, na kwamba safari hii kila mke atapewa paka mdogo na bakuli, bure. Wanawake wakapiga makofi. Paka walikuwa kwenye makreti ya bia, wanene, wenye macho mazuri, wote wameshachanjwa.

Constantin alikuwa amemwomba Colette aje awaelekeze wenzake. Colette hakutaka. Alikaa nyumbani mpaka karibu saa ya mkutano, akisema heri aungue moto, halafu akavaa kitenge akaenda, maana asingekwenda, paka wale wangelishwa ovyo, na yeye anajua kinachotokea hapo.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Jaël, binti aliyeolewa karibuni, rangi ya harusi ikiwa bado haijafutika kwenye kucha. Mkononi alikuwa na paka wa kijivu aliyekuwa anajaribu kuparamia bega lake.

"Yaya Colette, huyu wangu eko anaruka sana. Anakula kikavu ao kya mayi?"

Colette alimshika mkono kama yaya wa kweli, dada mkubwa, akamvuta pembeni.

"Sikiliza, mudogo wangu. Mwambie bwana yako asishuke. Leo ile, mwambie. Hamuna magogo kule ndani."

Jaël alimtazama kwa heshima, kama mtu anayengoja mkubwa wake amalize.

"Nilishamwambia, Yaya. Sasa asiposhuka, tutakula nini?"

Colette alimrudisha paka mikononi mwa Jaël. Nyuma yao foleni ilikuwa inasogea, na paka walilia kwenye makreti.

"Asubuhi kikavu," alisema. "Magharibi kya mayi. Na usimufunge, ata akisumbua namna gani."

"Asubuhi kikavu, magharibi kya mayi, nisimufunge," alirudia Jaël polepole, asije akasahau. Akamshukuru sana, akamfunika paka wake kwa ncha ya kitenge kwa sababu ya vumbi, akarudi kwenye foleni kuchukua bakuli.